Umetua Manda na Boti Haionekani: Utatuzi wa Matatizo ya Boti za Pamoja hadi Hotelini Lamu

Anayesafiri kwa ndege kwenda Lamu hashukii Lamu. Hushukia Manda, kisiwa kinachotazamana na mji wa kale, na baina ya uwanja wa ndege na chumba alichokodi pana mkono wa bahari usio na daraja. Kazi ambayo kwingine hufanywa na basi dogo la hoteli, hapa hufanywa na boti ya injini inayokusanya abiria wa nyumba mbalimbali, ikawavusha pamoja na kuwashusha kwa zamu. Kuvuka hadi gati la mjini huchukua kama dakika kumi, na kufika Shela, kijiji cha ufukweni kilicho kusini mwa mji katika kisiwa hichohicho, huchukua zaidi kidogo. Kwa kuwa safari yenyewe ni fupi, watu wengi hawaifikirii kabisa hadi wanapojikuta wamesimama juani na mabegi yao huku wenzao wakiondoka.

Mwongozo huu unafuata dalili kama zinavyomtokea msafiri, tangu anapotoka uwanjani hadi anapobisha hodi. Kwa kila dalili nimetanguliza sababu ambayo ndiyo ya kawaida zaidi. Msomaji ataona kwamba lawama nyingi hazimwangukii nahodha: chanzo huwa ni ujumbe uliotumwa hotelini siku kadhaa kabla, ukataja jina la mgeni na tarehe, ukaacha ndege, gati na idadi ya mizigo. Sehemu iliyobaki ni ya bahari yenyewe, ambayo hupwa na kujaa bila kushauriana na ratiba ya ndege.

Umetoka uwanjani na hakuna aliyekungoja

Kabla ya kupiga simu yoyote, teremka hadi gatini. Uwanja wa Manda ni mdogo, mizigo huletwa kwa mkokoteni, na si wapokezi wote wanaosimama mlangoni; wengine hubaki karibu na boti ili wasipoteze nafasi ya kufunga chombo. Mgeni anayengoja kivulini juu, na mpokezi anayengoja chini majini, wanaweza kukaa hivyo kwa muda mrefu kila mmoja akimlaumu mwenziwe.

Usipomwona huko pia, fikiria jina. Kibao alichoshika mpokezi huenda kimeandikwa jina la aliyelipa na si la aliyesafiri: mpwa aliyeko Nairobi, kamati ya harusi, au ofisi iliyokutuma kwenye semina. Huenda pia hakina jina la mtu bali la nyumba. Taja majina yote mawili, la nyumba na la aliyeweka nafasi, na mara nyingi suala huishia hapo.

Sababu ya tatu ni ndege. Kutoka Nairobi, ndege za Lamu huondoka katika viwanja viwili, Wilson na Jomo Kenyatta, zikiwa za mashirika tofauti, na zinaweza kutua Manda kwa kupishana muda mfupi. Ujumbe unaosema «ninakuja na ndege ya asubuhi» haumwambii nahodha chochote cha kumsaidia. Mwandikie meneja jina la shirika, nambari ya safari na uwanja unaoondokea, na ratiba ikibadilika mwandikie tena, kwa sababu shirika la ndege halina desturi ya kumjulisha mwenye boti.

Sababu ya nne huwapata hasa Waswahili wenyewe. Nyumba nyingi za wageni, hususan za Shela, husimamiwa na watu wanaohesabu saa kuanzia usiku wa manane. Meneja wa namna hiyo akiandikiwa «saa nne» anaweza kuelewa saa kumi jioni, akampeleka nahodha wake wakati ambao wewe umeshakula na kulala. Andika 10:20 asubuhi, na utata utakwisha.

Ikiwa umepitia hayo yote na bado uko peke yako, mpigie meneja wa hoteli, wala usimtegemee mtu anayejitokeza mwenyewe akidai ametumwa. Kijana wa namna hiyo huenda kweli ametumwa. Kumpima ni rahisi. Usimtajie jina lako, bali mwombe yeye akutajie jina aliloambiwa ampokee. Aliyetumwa atalijua, na asiyetumwa ataanza kukueleza kwamba hoteli yako imejaa au imefungwa. Simu ya meneja isipopokelewa, wasalimu manahodha waliopo gatini na kuwaeleza unakokwenda. Hawa wanafahamiana vizuri, na nahodha wa boti nyingine mara nyingi anajua zaidi alipo mwenziwe kuliko meneja anavyojua. Akikuambia, «Huyo yuko njiani, anatoka Shela sasa hivi,» ni habari ya kuaminika. Akikuambia kwamba leo hakumwona baharini, panda boti yake na uachane na kungoja.

Umeshaketi, lakini boti haiondoki

Hapa swali la kuuliza ni moja, na liulizwe kwa adabu baada ya salamu: «Nahodha, tunangoja nani?» Jibu lake ndilo litakaloonyesha sababu.

Akijibu kwamba anangoja ndege ya pili, boti hiyo imepangwa kuwachukua abiria wa safari mbili, na hilo ni jambo la kawaida katika usafiri wa pamoja. Uliza ndege hiyo imekwisha kuondoka ilikotoka au bado. Ikiwa imo angani, ngoja. Ikiwa bado iko Nairobi, una haki ya kuomba uvushwe kwanza, hasa ukiwa na mtoto mchanga au mgonjwa, na manahodha wengi hukubali kwa sababu kuvuka na kurudi hakumalizi muda mrefu.

Akijibu kwamba anangoja abiria wajae, basi hukupanda boti ya hoteli bali boti ya nauli, ambayo huondoka idadi ikitimia. Hapo una njia mbili, kungoja au kulipia nafasi zilizobaki ili boti ing'oe nanga. Kwa familia ya watu wanne au watano, kukodi boti nzima tangu mwanzo huenda kusizidi sana jumla ya nauli za mtu mmoja mmoja, na huondoa suala lote la kungojana. Kwa mtu aliye peke yake ningeshauri kungoja, kwani siku zenye ndege nyingi boti hujaa upesi.

Akijibu kwamba kuna mzigo haujateremshwa, usimsukume. Ndege ndogo zinazoruka kutoka Wilson huruhusu mizigo ya takriban kilo 15 kwa abiria, na hutokea begi la mtu likaachwa lije na ndege inayofuata. Mwenye begi huwa bado yumo uwanjani akijaza fomu, na kumwacha huko si jambo ambalo nahodha atakubali kwa urahisi.

Na ikiwa ni Ijumaa, kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu mchana, jibu huenda lisiwepo kwa sababu anayepaswa kulitoa yuko msikitini. Hapo hakuna cha kutatua. Kaa kivulini, naye atarudi baada ya swala. Msafiri anayechagua ndege na asiyependa kungoja ajiepushe na zinazotua saa hizo siku ya Ijumaa.

Nauli uliyoambiwa si nauli unayodaiwa

Ugomvi wa nauli mara nyingi si wa udanganyifu bali wa watu wawili waliotaja kiasi kimoja wakikusudia mambo mawili. Mmoja alisema bei ya boti nzima, mwingine akasikia bei ya mtu mmoja, au kinyume chake. Mmoja alikusudia gati la mjini, mwingine Shela, ambako mafuta yanayotumika ni mengi zaidi. Mmoja alihesabu watu, mwingine akahesabu na masanduku ya vyombo vya harusi. Kabla ya kuweka mguu botini, semeni pamoja mambo haya: ni kiasi gani, kwa mtu au kwa boti, hadi gati gani, pamoja na mizigo au bila mizigo. Ukikubaliana mbele ya abiria wengine ni bora zaidi, kwani nao watakuwa mashahidi.

Sababu nyingine ni hamali. Ujira wa anayekubebea begi kutoka uwanjani hadi botini, na wa anayelipokea gatini Lamu, haumo katika nauli ya boti isipokuwa hoteli imesema hivyo waziwazi. Kijana anayelichukua begi lako bila kuulizwa anafanya kazi na atataka malipo. Kama hutaki huduma yake, mwambie mapema na kwa upole, «Ahsante kaka, hili nitalibeba mwenyewe,» kabla mkono wake haujashika mpini. Kumwachia alibebe na kisha kugoma kumlipa, nionavyo mimi, ni kosa la mgeni.

Kama hoteli ilikuahidi kwamba boti imo katika bei ya chumba, hifadhi ujumbe huo simuni na umwonyeshe nahodha. Akisisitiza kulipwa, mpigie meneja na uwape nafasi wazungumze wao wawili. Si kazi yako kuwa mpatanishi wa hesabu zao.

Kuhusu njia ya kulipa, beba noti ndogondogo, kwa kuwa chenji ya noti kubwa haipatikani katikati ya maji. Wengi hupokea M-Pesa, lakini hakikisha jina linalojitokeza ni la mtu uliyekusudia kabla ya kuthibitisha. Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, peleka ujumbe wa muamala huo kwa nambari 456 mara moja ili kuomba pesa zirudishwe, kisha umlipe nahodha kwa taslimu wakati suala likishughulikiwa.

Boti imesimama mbali na nchi kavu

Hii ndiyo dalili inayowashangaza wageni zaidi, na ndiyo yenye maelezo marefu zaidi. Boti imefika Shela, injini imezimwa, baharia ameshuka na maji yanamfika magotini, na abiria wanaambiwa wavue viatu. Wengine hudhani nahodha ni mvivu au boti imeharibika. Ukweli ni kwamba maji yamekupwa, na akisogea zaidi chombo kitapwelewa, kisha abiria na mabaharia watakaa hapo hadi maji yarudi.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na majira yake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, yaani zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii huweza kupita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana. Jambo ambalo abiria hawaambiwi ni kwamba katika pwani ya Kenya maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, au karibu na hapo, na hujaa alasiri kuelekea saa kumi au saa kumi na moja. Ndege za asubuhi kutoka Nairobi zinaweza kutua wakati huohuo wa maji makavu.

Msafiri mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kubashiri hali hiyo bila kutafuta jedwali la maji. Akifika kati ya tarehe mosi na ya tatu ya mwezi, au kati ya kumi na tano na kumi na saba, ategemee maji makavu asubuhi. Akifika karibu na tarehe nane au ishirini na mbili, ategemee maji kujaa wakati huo na gati lililo karibu na kimo cha boti. Ubashiri huu ni wa kukadiria, lakini unatosha kumwamulia mtu avae viatu gani.

Utatuzi unategemea unakokwenda. Kwa Shela, panda boti ukiwa umevaa makubadhi, weka simu na pasipoti kifuani, na umwachie baharia begi zito alibebe begani, maana amezoea mchanga huo na wewe hukuuzoea. Kwa gati la mjini maji makavu hayakuzuii kushuka, ila ngazi za chini zilizokuwa majini huota mwani na kuteleza. Ngoja baharia akupe mkono, na usishuke ukiwa umebeba mtoto na begi kwa pamoja. Mzee asiyeweza kukanyaga maji wala kupanda ngazi zenye utelezi ni afadhali apangiwe ndege ya alasiri katika siku za bamvua, au ashukie mjini ambako kuna mikono mingi ya kusaidia.

Wanaokwenda nyumba zilizo kaskazini mwa Manda au kisiwa cha Pate wana suala zito zaidi, kwa kuwa njia yao hupitia mlango wa Mkanda, ambao ni mwembamba na wenye maji haba yanapokupwa. Hao wasiulize boti inaondoka saa ngapi kwa ratiba. Waulize maji yanajaa saa ngapi.

Upepo nao una sehemu yake. Mkono wa bahari baina ya Manda na mji umekingwa, lakini upande wa Shela unakabili bahari kuu, na katika miezi ya Kusi, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi humwagikia abiria. Kaa karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, ambako hakirukiruki sana kama omoni, yaani mbele, na uweke begi chini ya turubai. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwezi Agosti mwaka 2017, kwa hiyo usitegemee kuipata Manda ili ufunike kompyuta yako. Njoo na mfuko usiopenya maji. Jaketi okozi ni haki ya kila abiria, hata kama safari ni ya dakika kumi na nahodha anacheka. Lisipokuwepo, shuka utafute boti nyingine. Sioni sababu ya kulizungumza hilo zaidi.

Umeshushwa gati lisilo lako

Sababu karibu kila mara ni kwamba ulitaja jina la hoteli ukidhani umetaja mahali. Majina ya nyumba za wageni Lamu hufanana mno, nyumba hubadilisha wenyewe na majina, na msimamizi mmoja anaweza kuwa na nyumba mbili, moja mjini na nyingine Shela. Nahodha akisikia jina lenye utata hufuata kile anachokijua. Taja kwanza mahali, kisha jina: mjini, Shela, Ras Kitau, Kipungani, Matondoni. Zingatia kwamba hoteli za Ras Kitau ziko Manda kwenyewe, ng'ambo ya Shela, na anayekwenda huko hana haja ya kuvuka hadi mjini.

Ukigundua kosa ukiwa bado botini, nyamaza hadi abiria wa hapo washuke, kisha mwambie nahodha. Kukupeleka kituo kinachofuata si tatizo. Ukigundua baada ya boti kuondoka na umeshushwa mjini badala ya Shela, una njia ya majini na njia ya miguu. Kwa miguu ni takriban kilomita 3 kufuata pwani, mwendo wa dakika arobaini au zaidi kwa mwenye begi, na maji yakijaa sana sehemu ya njia hufunikwa. Kwa boti za nauli zinazokwenda Shela kutoka gatini, utafika upesi na ukiwa mkavu. Ningechukua boti, isipokuwa asubuhi mapema wakati jua halijakaza na mtu hana mzigo.

Mmefika, begi halipo

Usipige kelele za wizi kabla ya kuangalia sababu mbili. Huenda begi halikuondoka Nairobi kwa sababu ya uzito, na hukuligundua hilo kwa kuwa hamali alibeba mabegi ya kundi zima. Au begi limeendelea na boti hadi Shela, likiwa chini ya masanduku ya abiria wengine, jambo ambalo ni rahisi kutokea pale mabegi yote yanapokuwa meusi na yenye magurudumu.

Ndiyo maana, kabla boti haijaondoka Manda, ni vizuri kusoma jina lililoandikwa ubavuni mwa chombo na kuchukua nambari ya simu ya nahodha. Ukiwa na vitu hivyo viwili, begi lililopotelea Shela hurudi kabla ya chakula cha mchana. Ukiwa huna, utakuwa unatafuta boti ya rangi ya buluu katika mji wa boti za buluu. Funga kipande cha leso chenye rangi kali kwenye mpini, na hesabu vipande vyako mara mbili, vinapoingia botini na vinapotoka. Begi lililobaki Nairobi hufuatiliwa na shirika la ndege, si hoteli wala nahodha. Kwa hiyo lichukulie karatasi kule Manda kabla ya kuvuka, kwani kurudi ng'ambo kwa ajili ya karatasi ni nauli nyingine.

Uko gatini, lakini nyumba haionekani

Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ulijengwa kwa watu na punda. Kuta za mawe ya matumbawe ni ndefu na vichochoro ni vyembamba, kiasi kwamba ramani ya simu hupoteza mwelekeo na kukuonyesha ukiwa juu ya paa la jirani. Alama iliyowekwa mtandaoni na mwenye nyumba nayo huenda ilikadiriwa tu. Kuzunguka na simu mkononi huku ukiburuta begi la magurudumu juu ya mawe hakutakufikisha popote, na punda wenye mizigo hawatakupisha.

Uliza kwa namna ambayo wenyeji wanaelezana. Jua kwanza nyumba iko mtaa gani, Mkomani upande wa kaskazini au Langoni upande wa kusini, kisha jua msikiti ulio karibu nayo, kwa sababu misikiti haibadilishi majina kama hoteli zinavyofanya. Ngome iliyo katikati ya mji na Makumbusho yaliyo pwani ni alama nyingine ambazo kila mtu anazifahamu. Mwulize mwenye duka au mama anayeuza vitafunio, ukianza na salamu, na usiwe na haraka ya kuuliza kabla hujajibiwa. Nyumba zilizo ndani sana ni bora zitume mtu gatini; liombe hilo katika ujumbe wa kwanza, ukitaja idadi ya mizigo ili aje na mkokoteni au na punda inapobidi.

Ndege imechelewa na jua linazama

Lamu jua huzama baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Ndege iliyotarajiwa alasiri ikichelewa, boti ya pamoja huenda imekwisha kuwavusha wengine na kurudi, na baada ya magharibi manahodha hupungua. Mwezi wa Ramadhani hupungua mapema zaidi, kwa kuwa kila mtu anataka kufuturu nyumbani kwake. Mara tu unapoambiwa Nairobi kwamba ndege imechelewa, mwandikie meneja hapohapo, usingoje kutua. Chukua tende na maji. Ukimkaribisha nahodha aliyebaki kwa ajili yako afuturu nawe botini, umefanya jambo analolistahili.

Usiku boti ya pamoja ni nadra, na bei ya kukodi hupanda. Uliza pia kama kuna amri yoyote ya kiusalama inayohusu vyombo vya usiku, maana kaunti hii imewahi kuwekewa amri ya kutotoka nje, kama mwaka 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni. Meneja wa hoteli ndiye mwenye habari za siku hiyo.

Wageni wa Maulidi, katika mwezi wa Mfungo Sita, wana hali yao ya pekee. Mji hujaa, boti hujaa, na ahadi ya hoteli kwamba «boti itakuwepo» inapaswa kuthibitishwa jana yake kwa simu.

Asubuhi ya kurudi, boti haijafika

Boti ya kwenda uwanjani hukusanya abiria kwa mpangilio wake, pengine ikianza Shela na kumalizia mjini, pengine kinyume chake, kufuatana na maji na nahodha alikolala. Ukiambiwa saa moja na nusu, uliza kama huo ni wakati wa kuondoka kwako au wa kuondoka kwa abiria wa kwanza. Ikiwa maji yatakuwa makavu alfajiri hiyo na unakaa Shela, nahodha anaweza kukutaka utembee hadi mahali chombo kinapoelea. Muulize usiku, si asubuhi.

Robo saa ikipita bila boti, mpigie nahodha mwenyewe kwa nambari uliyoichukua siku ya kufika, kisha meneja. Nusu saa ikipita, acha kupiga simu, nenda gatini na ukodi chombo cha kwanza chenye injini na jaketi. Tofauti ya bei utaidai hotelini baadaye, ukiwa na ujumbe wao simuni. Ndege ya Wilson ikifunga mlango haifunguliwi kwa ajili ya boti iliyochelewa.